Kitanda Kilichobaki Katika Nyumba Tuliyonunua

Mume wangu alikuwa fundi bati Mtendeni, mjini Tabora. Alitengeneza vibatari, ndoo, makarai na mifereji ya mvua, na kazi yote aliifanyia sebuleni, kwa sababu hatukuwa na mahali pengine. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, vita vya Hitla vimekwisha, na bati lilikuwa limeanza kuonekana tena madukani. Kila lilipoonekana, yeye alilileta nyumbani. Mtoto wetu wa kwanza alijifunza kusimama kwa kushika ndoo, na wa pili alipozaliwa nililazimika kumlaza kwenye karai kubwa lililokuwa likisubiri mwenyewe aje kulichukua. Mwenyewe alipokuja, alilikuta na mtoto ndani akasema hapana haraka.

Nyumba yetu na ya jirani zilijengwa pamoja tangu enzi za misafara, zikagawana ukuta wa kati. Ukuta huo ulikuwa wa fito na udongo, na umri ulikuwa umeula. Upande wa pili aliishi bibi mmoja mjane, mtoto wa kirangozi, yaani yule mtu aliyetangulia mbele ya msafara na kuwaonyesha wapagazi njia ya kutoka pwani. Bibi naye alikuwa na tabia ya kutangulia. Alisikia kila tulichosema na hakujifanya hasikii. Mume wangu akiniuliza chumvi iko wapi, jibu lilitoka ukutani: "Uliiweka dirishani wewe mwenyewe!" Nayo kweli iko dirishani. Mara moja nilimnong'oneza mume wangu kwamba sikupenda jinsi dada yake alivyoniamkia. Nilinong'ona kabisa, mdomo sikioni. Ukuta ukasema, "Hapo mwisho sikukupata, mwanangu. Rudia."

Basi ni huyo bibi aliyeanza habari ya kununua. Tulikuwa tunakula mchana, akatuita kutoka kwake.

"Nyinyi watu mmebanana mno. Usiku nawasikia mnavyojikwaa kwenye ndoo. Mimi nataka kuhamia Kitete kwa binti yangu. Nunueni hapa kwangu."

Mume wangu aliacha tonge hewani. "Bibi, unasema kweli?"

"Nimekwisha kuudanganya ukuta huu lini?"

Walipatana bei hivyohivyo, kila mtu kakaa kwake. Mume wangu alikuwa na mipango yake tayari: tutoboe mlango katika ukuta wa kati, sisi tuchukue chumba cha nyuma cha bibi kiwe cha kulala, na chumba chake cha mbele, chenye mlango wa barabarani, tumpangishe karani mmoja wa reli aliyekuwa akitafuta chumba mjini. Nilifurahi nikashindwa kula. Niliona mahali pa kuweka kila kitu.

Mashahidi walikuja siku ya Ijumaa baada ya swala. Nilipika kahawa. Bibi alivaa kanga mpya akasimama mlangoni kwake, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Nauza nyumba. Nauza kuta zake, paa lake, milango yake na sakafu yake. Kitanda changu siuzi."

Wazee wakacheka. Mmoja akasema, "Bibi, nani anayetaka kitanda chako?" Wakashikana mikono, wakanywa kahawa, dua ikasomwa.

Mume wangu hakuwahi kuingia chumba cha kulala cha yule bibi. Angeingiaje? Mimi nilikuwa nimeingia mara nyingi, nikakiona kitanda, nikakipanda hata, bibi alipoumwa nikampelekea uji. Lakini mtu hakitazami kitanda cha mwenzake akakipima na mlango.

Kilikuwa kitanda cha besera, chenye nguzo za kufungia chandarua, cha mti wa mninga, kirefu hata bibi alikipanda kwa kigoda, kipana hata wajukuu wake wote walilala juu yake bila kugusana. Alikitengeneza seremala wa pwani aliyefika Tabora na msafara, akashikwa na homa, wenzake wakaendelea na safari kwenda Ujiji. Baba yake bibi alimpa chumba cha kulala. Alipopona akataka kulipa fadhila, akatengeneza kitanda mlemle chumbani alimokuwa amelala. Alitumia mninga mbichi na hakutumia msumari hata mmoja. Mti ulipokauka, viungo vikashikana vikawa kitu kimoja.

Siku ya kuhama lilikuja gari la ng'ombe. Vyungu vilitoka, mikeka ilitoka, kuku walitoka. Kitanda hakikutoka. Vijana wa mtaa walikijaribu kwa ubavu, wakakijaribu kichwachini, wakang'oa mlango na fremu yake. Tendegu moja lilitoka nje likasimama kwenye ukumbi, kitanda chenyewe kikabaki ndani. Ikabidi lirudishwe.

Mume wangu akakuna kichwa. Akasema kwa adabu, "Bibi, nitamwita seremala akate matendegu tu. Ukifika Kitete atayaunga."

Bibi alichukua kigoda, akapanda kitandani, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani.

"Aanze na yangu," akasema.

Yule mwenye gari alingoja mpaka ng'ombe wake wakaanza kula nyasi za paa letu. Kisha tukashusha vyungu, mikeka na kuku, tukavirudisha ndani.

Shauri likafika barazani. Hakimu wa mjini alikuwa mtu mzima, mtaratibu, mpenda haki, na hakutaka kuhukumu kitu ambacho hajakiona. Akaja mwenyewe na wazee wake. Alivua viatu, akazunguka kitanda, akakitikisa, hakikutikisika. Akaomba kigoda. Akapanda, akakaa, akajaribu godoro la sufi kwa kiganja. Alikaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akatoa hukumu akiwa hukohuko juu.

"Sakafu ni ya mnunuzi. Kitanda ni cha bibi. Kitanda hakiwezi kukaa hewani, kwa hiyo matendegu yana haki ya kusimama pale yanaposimama. Zaidi ya hapo, kila mtu aheshimu mali ya mwenzake mpaka ipatikane njia ya kukitoa."

Alishuka akiamini amesuluhisha watu. Sisi pia tuliamini. Mume wangu alimshika mkono akamshukuru.

Asubuhi yake nilikuwa nawasha moto uani nikasikia, "Hodi!" Nikaenda mlango wa mbele, hapana mtu. Nikaenda wa nyuma, hapana mtu.

"Hodi sakafuni!"

Nikaingia chumbani kwa bibi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Naomba kushuka."

"Shuka, bibi. Kwani kuna nini?"

"Hakimu amesema sakafu ni yenu. Mimi si mwizi wa kukanyaga vya watu."

Nilidhani ni mzaha wa siku moja. Kumbe ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Kila alipotaka kushuka alipiga hodi, na kama hakusikia "karibu" hakushuka. Nikienda kisimani nilikimbia kurudi nikijua labda bibi yuko juu anangoja, amejibana. Nilimwomba achukue ruhusa moja kubwa ya siku zote. Alikataa, akasema ruhusa ya namna hiyo ndiyo inayoleta fitina baadaye, mmoja anasema nilisema na mwingine anasema sikusema.

Karani wa reli alihamia chumba cha mbele hivyohivyo, maana tulikuwa tumekwisha kumpa ahadi. Alikuwa kijana safi, suruali yake imenyooshwa hata ungeweza kukatia mkate. Kwa kuwa bibi alipenda kutoka kwa mlango wa barabarani, ilimbidi apite chumbani kwa karani, na karani alikuwa na sakafu yake ya kupanga. Kwa hiyo bibi akawa anahitaji ruhusa mbili. Nilifikiri karani atachoka siku ya kwanza. Wapi! Alilipenda jambo lile kuliko bibi mwenyewe. Hodi ilipopigwa aliweka kalamu chini, akafunga kifungo cha shingoni, akasema kama anayetangaza gari moshi la Kigoma: "Ruhusa imetolewa!" Bibi akapita kifua mbele. Wote wawili walikuwa wakipumzika vizuri sana pale nyumbani. Waliochoka tulikuwa mimi na mume wangu.

Na wageni je? Rafiki zake bibi walikuja jioni kumsalimu, vikongwe wa mjini wenye meno ya tambuu. Bibi hakutaka wakanyage sakafu yetu kwa miguu mingi. Waliomba ruhusa mlangoni mara moja, wakavuka haraka kama watu wavukao kijito, wakapanda kitandani wote, wakakaa duara katikati wakila mihogo ya kuchemsha. Maganda hawakuyatupa sakafuni. Waliyafunga kwenye kanga wakaondoka nayo. Mume wangu alipita akawaona, akaja kwangu uani akasema kwa sauti ya chini, "Nimenunua nyumba, mke wangu, au nimenunua uwanja wa kitanda?"

Ukuta ukajibu, "Uwanja ni wako, mwanangu. Hilo hatubishani."

Baadaye ikaja asali. Mzee mmoja wa Sikonge, mkulima na mrina asali, alimwomba bibi mahali pa kuhifadhi mzigo wake mpaka bei ipande. Alileta asali katika vyombo vya gome la mti, kama walivyofanya siku zote watu wa huko. Bibi akamwambia aweke uvunguni. Mume wangu akaona sasa amempata. Akavuta pumzi, akaingia.

"Bibi, uvungu una sakafu, na sakafu ni yangu."

"Umesema kweli," bibi akajibu, "lakini kivuli ni cha kitanda."

Akatafuta kamba. Yule mzee wa Sikonge akafunga vyombo vyake kimoja kimoja kwenye mbao za chini ya kitanda, vikaning'inia vyote, hapana kilichogusa chini. Mume wangu alipiga magoti akachungulia, akapitisha mkono kati ya asali na sakafu. Ulipita. Akasimama, akajipangusa magoti, akatoka.

Sisimizi hawakujua sheria yoyote. Walipanda kwa matendegu kwa safu, na bibi aliamka akawakuta wameingia masikioni. Akamwita mume wangu, safari hii kama mteja, akamwagiza vikopo vipana vya kusimamishia matendegu, vitiwe mafuta ya taa. Mume wangu alikuwa amekasirika, lakini kazi ni kazi. Alivitengeneza vizuri mno, akavitia na masikio ya kushikia, maana hakuweza kutengeneza kitu kibaya hata akichukia. Kitanda kikainuliwa tendegu kwa tendegu, kikasimama ndani ya vikopo. Kuanzia hapo hakikugusa hata sakafu yetu, na bibi hakuchelewa kutukumbusha hilo.

Halafu mvua za kwanza zikanyesha, na siafu wakatoka.

Ilikuwa alasiri. Nilikuwa namwogesha mtoto mdogo, nikaona ukuta wa uani umekuwa mweusi na unatembea. Nilimnyakua mtoto na majimaji yake, nikamshika mkubwa mkono, nikapiga kelele. Mume wangu alitoka sebuleni akirukaruka tayari. Barabarani kulikuwa na mto wa siafu, uani kulikuwa na mto wa siafu, na kwa karani walikuwa wameingia kwa mlango wa mbele kama wapangaji. Tulikimbilia chumba cha bibi wote. Pale ndipo palipokuwa na mahali pamoja tu palipozungukwa na mafuta ya taa.

Bibi alikuwa amekaa katikati ya kitanda anasokota utambi. Alitutazama.

"Bibi, tupishe!" mume wangu akasema.

Bibi akaendelea kusokota.

Mimi ndiye niliyeelewa. "Hodi kitandani, bibi!"

"Hodi ya wangapi?"

"Sisi na watoto! Na karani!"

"Karibuni watoto. Karibu mama yao. Karibu fundi, lakini ufute miguu. Karani avue viatu."

Sijapata kumwona mtu akiteseka kama yule kijana. Viatu vyake vilikuwa na kamba ndefu zilizofungwa kwa ustadi, siafu walikuwa wamefika ndani ya suruali iliyonyooshwa, naye alisimama kwa mguu mmoja akifungua fundo huku akilia, "Navua, bibi! Navua!" Mwishowe mume wangu alimshika ukosi akamvuta juu na kiatu kimoja. Bibi alikiangalia kile kiatu, akageuka upande wa pili, akaamua hakukiona.

Tulikaa pale mpaka karibu na magharibi, siafu wakipita chini yetu kama msafara usio na mwisho. Bibi alipenyeza mkono kati ya mbao, akatoboa chombo kimoja cha mzee wa Sikonge, akasema atamlipa, tukala asali kwa vidole. Mtoto mdogo alilala. Hapo mume wangu, mdomo umejaa, akamuuliza lile swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Bibi, kwa nini hukutaka kikatwe?"

Bibi alimaliza asali yake kwanza. Alilamba kidole.

"Nimezaliwa juu yake. Mume wangu amefia juu yake. Lakini hata hayo si kitu, watu wengi wamezaliwa na kufa juu ya ngozi ya ng'ombe. Mimi nakwenda kwa mkwe. Nikifika na mkeka kwapani, watanionyesha pembe ya kulala, na kila asubuhi nitaukunja mkeka wangu kabla hawajaamka. Nikifika na hiki, wao ndio watakaokuja kuuliza kama wanaweza kukaa."

Karani alikuwa amekumbatia magoti yake. Akasema polepole kwamba yeye pale mjini hana hata kiti. Hapana aliyecheka. Nilijisikia vibaya, maana miezi yote ile nilikuwa nimemhesabu bibi kuwa ni kikwazo kwenye chumba changu, wala sikujiuliza ni kitu gani alichokuwa anakiogopa huko Kitete.

Mume wangu alikuwa ameinua uso anatazama juu, kwenye nyasi za paa zilizokuwa zikivuja.

"Bibi, paa ulituuzia?"

"Nilikuuzia. Mashahidi walisikia."

"Basi kitatoka kwa juu."

Tulingoja mvua zipungue na bati la kuezekea lipatikane. Siku ya kazi mtaa wote ulikuwapo. Nyasi ziliondolewa kwake na kwetu, maana paa lilikuwa moja, fito zikaondolewa, bibi akabaki kitandani chini ya mbingu, mwavuli mkononi. Alikataa kushuka. Alisema akishuka watasema kitanda kimeachwa. Wanaume wakapitisha kamba chini, wengine wakapanda juu ya kuta, wakavuta kwa wimbo. Kitanda kikapanda na bibi juu yake, kikazidi urefu wa milango, kikafika kileleni, kikatua kupumzika juu ya ukuta wa kati.

Nilishasema ukuta ule umri ulikuwa umeula. Haukuanguka kwa kishindo. Uliketi. Ulishuka taratibu kama mzee anayejisaidia kwa mikono kukaa chini, na kitanda kikashuka nao upande wa kwetu, wanaume wakining'inia kwenye kamba, mpaka kikasimama kwa matendegu yake yote juu ya ndoo za mume wangu. Vumbi lilipotulia, mtaa mzima ulikuwa unatazama chumba changu cha kulala: kitanda changu cha kamba hakijatandikwa, nguo za mtoto zimeanikwa kila mahali, na sufuria nililoliazima kwa jirani wa tatu nikamwambia nimekwisha kulirudisha. Jirani wa tatu alikuwapo.

Bibi alikuwa bado ameshika mwavuli. Alitazama huku na huku chumbani mwetu, mahali alipopasikia miaka yote bila kupaona.

"Kumbe dirisha lenyewe liko huku," akasema.

Kutoka kwetu kitanda kilitoka kwa kuvunja ukuta wa mbele, ambao mume wangu aliutoa mwenyewe kwa shoka. Alisema haina maana tena kuhurumia ukuta mmoja. Kikapakiwa kwenye gari la ng'ombe, tukakifuata kwa miguu mpaka Kitete. Nyumbani kwa mkwe wake mlango ulikuwa mwembamba kuliko wetu. Lakini yule mkwe alikuwa mtu wa vitendo, na alikuwa ameanza kujenga chumba cha pembeni, kuta zimefika magotini. Kitanda kiliinuliwa kikavushwa, kikawekwa katikati.

Sisi tulirudi kwenye nyumba moja kubwa isiyo na ukuta wa kati wala wa mbele. Tulikuwa tumetaka kupanua, na palipanuka. Ukuta mpya ulikawia, kwa hiyo kwa kipindi kizima cha kiangazi tuliishi na karani kwa kutenganishwa na mabati yaliyoegemezwa, na upepo ukivuma yalilia usiku kucha. Hakulalamika. Ila alihamishiwa Mwanza kabla chumba chake hakijamalizika, akatuachia kiti alichokuwa amekwisha kununua, akisema hakiwezi kuingia kwenye behewa pamoja na mizigo yake.

Kabla hajaondoka tulikwenda naye Kitete kumuaga bibi. Tulimkuta juu ya kitanda, mwavuli uko wazi kwa ajili ya jua, kuta zimemfika kiunoni pande zote. Mafundi walikuwa wakimzunguka na udongo. Binti yake alikuwa amekaa ukingoni ananyonyesha, na wajukuu wamejaa upande wa miguuni. Mkwe wake alikuja na kamba ya kupimia, akasimama nje ya ukuta kwa heshima.

"Mama, mlango tuufanye wa upana gani?"

Bibi alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu.

"Wa kawaida tu, baba. Usiingize baridi."

Mkwe akaenda kuwaambia mafundi. Mume wangu alitaka kusema kitu, nikamshika mkono. Bibi akatuita tukae. Karani alikuwa ameinama tayari, anafungua kamba za viatu.